Mawe ya Kusagia ya St Albans

Mwanzoni mwa miaka ya 1330, wamonaki wa abasia ya St Albans, kilomita 35 hivi kaskazini ya London, walitandika sakafu mpya katika chumba chao cha mazungumzo. Hawakutumia vigae. Walipanga mawe ya kusagia, yale ya mviringo yanayozungushwa kwa mkono, ambayo abate wao aliamuru yakusanywe nyumba kwa nyumba mjini. Kila jiwe lilikuwa limetoka jikoni kwa mtu. Lilikuwa limesaga nafaka ya watoto wake, na sasa limegeuka pa kukanyaga.

Historia ya ukabaila wa Ulaya husimuliwa kwa kawaida kupitia ngome, panga na farasi waliovikwa deraya. Hayo yote yalikuwapo. Lakini kwa umati wa watu walioishi chini yake, ukabaila ulikuwa suala la unga: nani asage, asage wapi, na amwachie bwana vibaba vingapi. Mji wa St Albans uligombania jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika ugomvi huo matabaka ya zama zile yanaonekana waziwazi, kila moja na mkono wake mfukoni mwa jingine.

Mambo yalianzia mbali. Tarehe 14 Oktoba 1066 William, mtawala wa Normandy, alimshinda mfalme wa Uingereza kwenye vita vya Hastings, na tangu hapo ardhi yote ya nchi ikahesabiwa kuwa yake. Akawagawia wafuasi wake, lakini kwa sharti. Aliyepewa ardhi alipiga magoti, akaweka viganja vyake viwili vilivyofumbatana ndani ya viganja vya mkubwa wake, akaapa kuwa mtu wake na kumpelekea askari wa farasi kila atakapoitwa. Naye akarudi kwake, akamega sehemu ya ardhi ile, akawagawia walio chini yake kwa kiapo cha namna hiyohiyo.

Baada ya miaka 20 mfalme alitaka kujua kila kilichokuwamo katika nchi aliyoitwaa. Mwaka 1086 makarani wake walizunguka wakiuliza kila mahali: ardhi hii ya nani, ilikuwa ya nani, ina plau ngapi, maksai wangapi, msitu kiasi gani, vinu vya maji vingapi. Kitabu kilichotokana na maswali hayo, Domesday, kinataja vijiji na miji zaidi ya 13,000 na vinu vya maji zaidi ya 5,000. Kwa thamani, karibu sehemu moja ya sita ya ardhi ilikuwa ya mfalme na jamaa zake, na karibu robo ilikuwa ya Kanisa. Karibu yote iliyobaki ilikuwa mikononi mwa makabaila wasiozidi 200, na kati ya waliokuwa wakubwa hasa, Waingereza wenyewe walikuwa wawili tu. Watu wa chini nao waliandikwa, bila majina, kwa hesabu. Mmoja kati ya kumi hivi alikuwa mtumwa kamili, wa kuuzwa na kununuliwa. Katika miaka mia moja iliyofuata watumwa hao walimezwa na tabaka kubwa lililokuwa juu yao kidogo, la watwana waliofungwa na ardhi.

Miaka 60 hivi kabla ya Domesday, Adalbero, askofu wa Laon huko Ufaransa, alikuwa ameeleza kwamba jamii ya Kikristo ina mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi, kila fungu likiyahitaji mengine. Mpango huo ulirudiwa kwa karne nyingi. Ulisikika vizuri kanisani, na bila shaka wapo walioamini kwa moyo wote. Lakini St Albans peke yake inatosha kuonyesha jinsi mipaka ya mafungu hayo ilivyokuwa imeingiliana. Wamonaki wake walikuwa Wabenediktini, wafuasi wa kanuni ileile inayofuatwa leo Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania. Waliamka usiku kusali, walinakili vitabu, na mmoja wao, Matthew Paris, aliyefariki mwaka 1259, ni miongoni mwa waandishi bora wa historia wa karne yake. Hata hivyo abate wao alidaiwa na mfalme askari sita wa farasi, sawa na kabaila yeyote. Alikuwa na soko, gereza, mahakama, misitu ya kuwindia na mashamba katika vijiji vingi vya Hertfordshire. Mtu wa sala alikuwa bwana.

Na fungu la wanaofanya kazi lilikuwa na ngazi zake. Juu walikuwa wakulima huru, waliolipa kodi ya ardhi na kuweza kwenda kushtaki mbele ya mahakimu wa mfalme. Chini kabisa walikuwa wenye kibanda na ekari mbili tatu, ambao hawakuweza kuishi bila kibarua. Katikati walikuwa watwana wenye ardhi, pengine ekari 30, pengine 15. Mtwana mwenye ekari 30 aliweza kuwa na ng'ombe wengi na akiba kubwa kuliko jirani yake aliye huru. Kilichomshusha ni hadhi yake mbele ya sheria. Asingeweza kumshtaki bwana wake kwa mfalme kwa ajili ya ardhi aliyoilima. Bwana alipouza milki, yeye, mkewe na watoto waliuzwa pamoja nayo.

Madai aliyobeba yalikuwa mengi. Kwa kila wiki, siku mbili au tatu alifanya kazi kwenye shamba la bwana bila malipo. Binti yake alipoolewa alilipa fedha ili apate ruhusa. Haikuwa mahari, maana fedha hiyo haikwenda kwa wakwe wala kwa wazazi, ilikwenda kwa bwana. Alilipa akitaka kumpeleka mwanawe shule, kwa kuwa mtoto aliyepata upadri alitoka mikononi mwa bwana. Alilipa akitaka kuishi nje ya milki. Alipofariki, bwana alichukua mnyama bora zizini, na paroko mara nyingi akamchukua wa pili kwa ubora. Mjane aliyebaki na watoto alianza maisha mapya akiwa amepungukiwa ng'ombe wawili. Katika madai yote ya zama zile, hili la kuingia zizini siku ya msiba ndilo gumu zaidi kulisoma bila uchungu.

Nyumba yake ilikuwa ya fito na udongo, paa la majani, moto ukiwaka katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia ya kutokea. Majira ya baridi ng'ombe waliingizwa upande mmoja, na joto lao lilisaidia. Chakula kikuu kilikuwa mkate mweusi wa shayiri au rai, na chungu cha nafaka, njegere, kabichi na vitunguu kilichochemka kutwa, kikitiwa kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa ilipopatikana. Viazi, mahindi na nyanya vilikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki. Watu wazima na watoto walikunywa pombe nyepesi ya shayiri, na waliopika pombe hiyo walikuwa zaidi wanawake. Karibu kila kikao cha mahakama ya milki kiliwatoza wapikaji hao faini kwa vipimo au bei, mara kwa mara, watu walewale, mpaka faini ikawa kama leseni ya biashara.

Mwaka wa kazi ulifunguliwa na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba, hesabu za milki zilipofungwa. Ngano na rai zilipandwa kabla ya baridi kukaza. Novemba wanyama ambao majani makavu yasingewatosha walichinjwa na kutiwa chumvi. Machi ilipandwa shayiri. Theluthi moja ya ardhi ililala bila kupandwa ili ipumzike. Juni na Julai ghala zilikuwa tupu na mazao mapya hayajakomaa, kipindi ambacho mkulima yeyote anakijua. Kisha ukaja Agosti, mwezi wa mavuno, na hapo ndipo utwana ulipouma zaidi: jua likitoka baada ya mvua ya siku kadhaa, shamba la kwanza kuvunwa lilikuwa la bwana. La mtwana lilisubiri. Msimamizi wa karibu wa kazi hiyo, mnyapara, mara nyingi alikuwa mtwana mwenzao aliyechaguliwa kijijini, akilala nyumba ya jirani na watu aliowahimiza mchana.

Ngano iliyopandwa kibaba kimoja ilizaa vibaba vinne hivi. Kimoja kilirudi kuwa mbegu. Moja ya kumi ya mavuno ilikuwa zaka. Kilichobaki ndicho cha kula na cha kuuza ili kupata fedha za kumlipa bwana. Kwa hesabu hiyo mvua mbaya ya msimu mmoja ilitosha kuleta maafa, na kati ya 1315 na 1317 ilinyesha kupita kiasi miaka mfululizo. Nafaka zilioza mashambani na njaa ikaenea kaskazini mwa Ulaya yote.

Sasa kinu. Kinu cha maji kilikuwa cha bwana, na mtwana alilazimika kusagia hapo. Ushuru ulikatwa kutoka guniani: kusini mwa Uingereza mara nyingi sehemu moja kati ya 20 au hivi, kaskazini zaidi ya hapo. Kusaga kwa mkono si kazi nyepesi. Unga wa familia unamchukua mwanamke sehemu kubwa ya siku. Kinu cha maji kingemwokolea saa hizo zote, na bado watu walificha mawe yao nyumbani wakasaga wenyewe. Jambo hilo lapaswa kupimwa kwa uzito wake. Ushuru ulikuwa mkubwa kwa mtu anayehesabu vibaba, foleni ilikuwa ndefu, na juu ya yote, msagaji wa bwana ndiye aliyeshika kipimo.

Mabwana nao hawakuachia kitu. Mwaka 1191 katika mji wa Bury St Edmunds, Herbert, dekano mzee, alijenga kinu cha upepo kwenye ardhi yake, akidai kwamba upepo ni wa kila mtu na kwamba anasaga nafaka yake tu. Samson, abate wa mji huo, aliamuru kivunjwe mara moja. Habari hii imeandikwa na Jocelin wa Brakelond, mmonaki aliyeishi karibu na Samson. Mzee Herbert alikibomoa mwenyewe kabla watumishi wa abate hawajafika. Kama kasisi mwenye cheo hakuweza kutumia upepo uliopita juu ya shamba lake, wa chini yake wangeweza nini?

St Albans walijaribu. Mwaka 1274 walikuwa na shauri na abasia juu ya kusaga nafaka na kusindika nguo za sufu majumbani mwao. Malkia Eleanor alipokuwa akipita, abate alijaribu kumwingiza kwa njia nyingine ili asikutane na watu wa mji. Wanawake wakatambua, wakamzingira malkia wakilia na kunyoosha mikono. Walisikilizwa, lakini kesi walishindwa. Mwaka 1327, Mfalme Edward wa Pili alipokuwa ameondolewa madarakani na nchi imeyumba, watu wa mji waliizingira abasia hadi wakapewa hati ya haki zao. Makumi ya mawe ya kusagia yakatolewa mafichoni.

Furaha hiyo haikudumu, na aliyeizima anastahili kutazamwa kwa makini. Richard wa Wallingford alikuwa mtoto wa mhunzi. Baba alifariki mwana akiwa mdogo, mkuu wa nyumba ya watawa ya mji wao akamlea na kumpeleka Oxford. Akawa mwanahisabati na mwanafalaki mkubwa. Saa aliyoibuni kwa ajili ya kanisa la St Albans, iliyoonyesha mwendo wa jua na mwezi, ilikuwa miongoni mwa mitambo ya ajabu ya karne yake. Alichaguliwa abate mwaka 1327, na ukoma ukamshika muda si mrefu. Kanisa ndilo lililokuwa ngazi ya pekee ambayo mtoto wa fundi angeweza kuipanda hadi kukaa meza moja na makabaila. Kijana wa maeneo hayohayo ya St Albans, Nicholas Breakspear, alikuwa tayari ameipanda mpaka mwisho, akawa Papa Adrian wa Nne mwaka 1154. Lakini ngazi hiyo ilimpandisha mtu mmoja mmoja na kumkabidhi kazi ya kulinda mali ya nyumba. Mwana wa mhunzi aliipeleka kesi mahakamani, akairudisha hati ya watu wa mji, akakusanya mawe yao, akatandika sakafu. Ukoma ulimuua mwaka 1336.

Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza kupitia bandari moja ya Dorset. Ndani ya miezi 18 hivi ilikuwa imeua labda theluthi, labda nusu ya watu. Katika abasia ya St Albans alikufa Abate Michael wa Mentmore na wamonaki zaidi ya 40. Vijijini mashamba yalikosa wa kuyalima, na waliobaki hai waligundua kwamba mikono yao ina bei. Kibarua aliomba malipo mara mbili ya awali, na bwana wa jirani alikuwa tayari kumlipa. Serikali ikatoa amri mwaka 1349 na sheria mwaka 1351: mishahara irudi ilivyokuwa kabla ya tauni, na asiyekubali kazi kwa malipo hayo afungwe. Watu waliokuwa wamezika nusu ya kijiji waliambiwa kwamba hakuna kilichobadilika.

Wengi walikwenda kutafuta haki kwenye maandishi. Mwaka 1377 wakulima wa vijiji kadhaa vya kusini walichanga fedha, wakalipia nakala rasmi kutoka kitabu cha Domesday, wakitumaini kuthibitisha kwamba ardhi yao iliwahi kuwa ya mfalme na kwa hiyo hawawajibiki kufanya kazi za utwana. Mahakama ziliwakatalia. Ni jambo la kuheshimu sana: watu wasiojua kusoma Kilatini, wanaodharauliwa na kila mwenye kalamu, wakitoa senti zao kununua ukurasa wa kitabu kilichowaandika babu zao bila majina.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Mwaka 1377 kila aliyezidi umri wa miaka 14 alitozwa peni 4 kwa ajili ya vita na Ufaransa. Kodi ya tatu, iliyokusanywa mwaka 1381, ilikuwa peni 12 kwa kila aliyezidi umri wa miaka 15. Mwisho wa Mei watu wa Essex waliwafukuza wakusanyaji huko Brentwood. Kent wakafuata. Kati ya Juni 13 na 15 walikuwa ndani ya London. Askofu Mkuu Simon Sudbury alikatwa kichwa, na Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aliahidi kuufuta utwana na kupanga kodi ya ardhi kuwa peni 4 kwa ekari.

Watu wa St Albans walikuwapo London, na walirudi mbio. Jumamosi ya Juni 15, siku ambayo kiongozi wa waasi, Wat Tyler, aliuawa Smithfield, wao waliongozwa na William Grindcobbe kuvunja malango na nyua za abasia, wakiungana na watwana wa vijiji vya jirani. Thomas Walsingham, mmonaki wa abasia hiyo, aliandika juu yao kwa chuki, lakini aliona vizuri. Anasimulia kwamba walimkamata sungura hai na kumfunga kwenye mti wa kuadhibia wahalifu, kutangaza kwamba kuwinda sasa ni haki yao. Walichoma hati za abasia sokoni. Walidai wapewe hati ya kale ya Mfalme Offa, ambayo waliamini ilikuwa na herufi za dhahabu na za buluu na kwamba iliwapa uhuru karne sita kabla. Abate Thomas de la Mare aliapa hajawahi kuiona.

Nao wakaingia chumba cha mazungumzo, wakang'oa sakafu. Waliyavunja mawe ya kusagia vipande vipande, wakagawiana, kila mtu akaenda na kipande chake nyumbani, kama mkate uliobarikiwa unavyogawiwa kanisani Jumapili. Miaka 50 ilikuwa imepita. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mawe yalipochukuliwa, na bado walijua yako wapi.

Mfalme alizifuta ahadi zake Julai 2. Siku chache baadaye alifika St Albans akiwa na askari na jaji wake mkuu, Robert Tresilian. Grindcobbe alikuwa ametolewa kizuizini kwa dhamana ili awashawishi wenzake warudishe hati walizopata. Akawaambia wasilegee, na kwamba yeye yuko tayari kufa kwa ajili ya uhuru huo. Alinyongwa mwezi huohuo. John Ball, padri aliyehubiri usawa, aliuawa St Albans Julai 15 mbele ya mfalme. Wanaume wa Hertfordshire wenye umri kati ya miaka 15 na 60 waliapishwa upya.

Hakuna sheria iliyofuta utwana baada ya hapo. Ulidhoofika wenyewe kijiji hadi kijiji, kwa sababu watu walikuwa wachache na ardhi nyingi. Bwana aliyeng'ang'ania siku tatu kwa wiki aliamka akakuta nyumba tupu. Mtwana alikwisha kuhamia milki nyingine alikotakiwa kodi ya fedha tu. Mfululizo wa makubaliano madogo ukaingizwa kwenye magombo ya mahakama, na mkulima akapewa nakala ya alichoandikiwa. Kufika mwaka 1500 watwana waliobaki walikuwa wachache, na mwaka 1574 Malkia Elizabeth alituma wajumbe kuwauzia uhuru watwana wa mwisho waliobaki kwenye ardhi yake ya kusini magharibi.

Abasia ya St Albans ilivunjwa na Mfalme Henry wa Nane mwezi Desemba 1539, na watawa wakatawanyika. Mwaka 1553 mji ulipata hati ya kifalme ya kujitawala, ukachagua meya wake. Mwaka huohuo wenyeji walilinunua kanisa la abasia kwa pauni 400, wakalifanya la parokia yao.